Je, Roho Hufa Pamoja na Mwili?

Mtu akifa katika kijiji karibu na Kindu, kazi huanza mara. Wanawake huosha maiti, vijana huchimba kaburi, wazee hukaa kitako na kuulizana nani atawalea watoto. Kisha udongo hufunika sanduku au mkeka, watu hunawa mikono, na mto Lualaba huendelea kwenda kaskazini kama ulivyokwenda jana. Ndipo swali huja, hata kwake yeye asiyejua kusoma: Yule aliyekuwa akicheka na kugomba, aliyejua majina ya wanawe wote, yuko wapi sasa? Amekwisha kama moto uliomwagiwa maji? Au yupo?

Katika vijiji vingi swali hili hupata majibu mawili yanayoshindana. Vijana wengine waliosoma husema: Mtu ni damu, mifupa na ubongo, waganga wa hospitali wamepasua miili mingi wasione roho, basi mtu akifa, amekwisha. Wazee wengine husema kinyume: Wafu hawakwenda mbali, wapo karibu na nyumba, hukasirika wakisahauliwa, na mtoto akiugua ni lazima kumtafuta mfu aliyeudhika au jirani aliyeroga. Mkatekumeni husimama katikati. Huyu anamwambia kwamba hakuna cha kutumaini; yule anamwambia kwamba kuna cha kuogopa tu.

Kanisa halimwambii mkatekumeni afumbe macho ya akili ndipo aamini. Mungu anayetoa imani ndiye aliyetoa akili, wala hawezi kujipinga mwenyewe. Kwa hiyo yafaa kutazama kwanza yale ambayo akili inaweza kuyajua juu ya roho, kisha yale ambayo imani inayaongeza. Wala haifai kuyachanganya mambo hayo mawili. Maana mtu anayedai kwamba akili yathibitisha jambo, na kumbe haithibitishi, humkosesha mwenzake imani siku ile hoja itakapovunjika.

Ushuhuda wa mababa

Neno moja lapasa kukiriwa tangu mwanzo: watu wa nchi hii hawakungoja mgeni yeyote awaambie kwamba mtu si nyama tu. Katika nchi ya Warega, upande wa Pangi na Shabunda, chama cha Bwami kilikuwa na sanamu ndogo za pembe za ndovu na za mti, pamoja na vinyago vidogo vya uso. Mwenye daraja alipokufa, vitu vile havikutupwa ovyo. Vilipita katika mikono ya mrithi, navyo vilimkumbusha kwamba daraja yake aliipokea kwa mwingine, na kwamba aliyetangulia hakuacha kuhesabiwa miongoni mwa watu wa ukoo. Serikali ya Wabelgiji ilikipiga marufuku chama hicho mwaka 1948. Lakini amri ya serikali haifuti wazo lililokaa moyoni.

Mapadri wengine walijitahidi kulielewa wazo hilo. Padri Placide Tempels, Mfransisko wa Ubelgiji aliyefanya kazi kati ya Waluba wa Katanga, alitoa mwaka 1945 kitabu juu ya falsafa ya Kibantu. Alieleza kwamba kwa fikira za Waluba wafu hawakukoma kuwapo. Wapo, ila nguvu ya uzima wao imepungua. Mwaka 1956 Padri Alexis Kagame wa Rwanda alitoa uchunguzi wake, akianza na maneno ya lugha ya kwao. Wanyarwanda humwita mtu aliye hai umuzima, na aliyekufa humwita umuzimu. Mnyama, kwa fikira hiyo, ana kivuli tu, nacho hutoweka anapokufa. Mtu ana kivuli kama mnyama, lakini ana pia asili ya akili, nayo haitoweki. Msemaji wa Kiswahili anayasikia mara moja maneno yake mwenyewe: mzima na mzimu.

Je, ushuhuda huu watosha kuthibitisha? Hapana. Maneno ya lugha huonyesha watu walivyofikiri; hayaonyeshi kwamba walifikiri sawa. Kwa karne nyingi mataifa mengi walidhani kwamba jua huizunguka dunia, na wingi wao haukulifanya jua lizunguke. Walakini ushuhuda wa mababa una faida mbili. Kwanza, waonyesha kwamba swali la roho si jambo la kigeni lililoletwa kwa merikebu. Pili, humpasa yeye anayesema kwamba mtu amekwisha kutoa sababu zake naye, asidhani kwamba kukana ndiko hekima na kukubali ndiko ujinga.

Kazi ya akili

Dalili ya mvua ni mawingu. Kitu kisichoonekana hujulikana kwa kazi yake. Roho haionekani, basi na itazamwe kazi yake.

Jicho huuona mchikichi huu hapa, wenye shina hili na majani haya. Jicho haliwezi kuona mti usio huu wala ule. Akili ndiyo inayofahamu mti ni nini, hata mti ambao haujaota. Mkono huweza kushika mihogo mitatu katika soko la Kindu, lakini hakuna mkono ulioishika tatu yenyewe. Mtoto wa shule aliyeanza juzi kuhesabu hufahamu upesi kwamba hesabu haina mwisho, kwa kuwa juu ya kila namba huweza kuongezwa moja. Jambo hilo hakulipata kwa jicho, maana jicho halijaona bado kitu kisicho na mwisho. Tena, haki haina rangi wala uzito. Walakini mwanamke aliyepunjwa kwenye mizani anaijua sana, na hasira yake haikosi sababu.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alilieleza jambo hili kwa mfano wa mgonjwa. Ulimi wa mgonjwa wa homa ukijaa uchungu, kila chakula huwa kichungu kwake, hata asali. Kwa sababu gani? Kwa sababu ulimi umekwisha kushikwa na ladha moja, na ladha hiyo huizuia nyingine isipokewe. Kadhalika mtu aliyevaa miwani ya kioo chekundu huona kila kitu chekundu. Basi, kama akili ingekuwa kitu cha mwili, ingeshikwa na asili ya mwili ule mmoja, nayo isingeweza kufahamu asili ya miili mingine kama ilivyo. Lakini akili hutafuta asili ya jiwe na ya mto, ya nyota na ya damu, hata asili ya ubongo wenyewe. Kwa hiyo, husema Mtakatifu Tomaso, kazi ya kufahamu si kazi ya kiungo cha mwili.

Kutoka hapo hoja hupiga hatua ya pili. Kitu chenye kazi yake chenyewe kina pia kuwapo kwake chenyewe. Kivuli hakina kazi yake; mwenye mwili akiondoka, kivuli huondoka. Roho yenye akili si kivuli cha mwili, kwa kuwa ina kazi ambayo mwili hauwezi kuifanya.

Hatua ya tatu ni hii. Kufa, kwa vitu vya dunia, ni kuachana kwa sehemu. Nyumba huanguka kwa sababu nguzo huachana na fito, na udongo huachana na nguzo. Mtumbwi huoza, ukawa unga. Mwili wa mtu nao hurudi mavumbini, sehemu hii huku na sehemu ile kule. Lakini kitu kisicho na sehemu kitaachana na nini? Wazo la haki halikatwi vipande viwili kama muwa, na roho inayolipokea wazo hilo haikuundwa kwa vipande. Basi haina njia ya kuoza. Ni kweli kwamba Mungu aliyeiumba pasipo kitu angeweza kuiacha isiwepo tena. Lakini hakuna kiumbe kiwezacho kuiua: si ugonjwa, si mkuki, si mchawi. Na Mungu hakukipa kitu asili ya kudumu kusudi akiharibu.

Mapingamizi matatu

Yeyote anayependa kweli lazima asikilize mapingamizi, tena asichague yale dhaifu.

Pingamizi la kwanza ni la vijana waliosoma, wala halifai kuchekwa. Husema: Malaria ikipanda kichwani, mtu mwenye busara husema ovyo, asiwatambue wanawe. Mzee akipigwa na kiharusi husahau maneno. Chupa moja ya lutuku humgeuza mwamuzi wa kijiji kuwa mpumbavu. Ikiwa akili yaharibika ubongo ukiharibika, haitakufa ubongo ukifa?

Jibu ni kwamba kitu kinachohitajiwa kwa kazi si lazima kiwe ndicho kinachofanya kazi hiyo. Mwalimu husoma usiku kwa taa. Mafuta yakipungua, husoma kwa kukosea. Taa ikizimika, haoni hata neno moja. Je, amekuwa kipofu? La. Macho yake ni yale yale, ila amekosa nuru. Vivyo hivyo akili, maadamu iko pamoja na mwili, hupokea habari zake kwa njia ya macho, masikio na kumbukumbu za ubongo. Ubongo ukipata madhara, habari haziji, au huja zimevurugika. Jambo hilo laonyesha kwamba akili yauhitaji ubongo katika maisha haya. Halionyeshi kwamba akili ni ubongo. Walakini mfano wa taa usitumiwe kupita kiasi. Hauthibitishi kwamba roho hudumu. Huondoa tu pingamizi lililosimama njiani. Uthibitisho, ukiwapo, umo katika ile kazi ya akili iliyokwisha kuelezwa.

Pingamizi la pili ni la zamani sana. Plato, mwenye hekima wa Wayunani, aliandika juu ya siku ya mwisho ya mwalimu wake Socrates, aliyehukumiwa kunywa sumu huko Athens mwaka 399 kabla ya Kristu. Rafiki zake walikaa naye gerezani wakizungumza juu ya roho, na mmoja wao, jina lake Simmias, alisema: Labda roho ni kama ulinganifu wa sauti za kinanda. Ulinganifu hauonekani, tena ni mzuri kuliko mti na nyuzi. Hata hivyo kinanda kikivunjwa, ulinganifu hufa kwanza. Mtu wa Maniema angesema hivyo juu ya likembe: vunja sanduku lake na vyuma vyake, je, wimbo utabaki wapi?

Socrates alijibu kwamba ulinganifu hufuata nyuzi, hauwezi kuzitawala wala kuzikataza. Lakini roho huutawala mwili, hata huupinga. Mkatekumeni aliyefunga katika siku za Kwaresima huketi karibu na chungu cha bugali na samaki. Tumbo lasema, kula, naye hali. Mama aliyechoka huamka usiku kwa ajili ya mtoto, ijapokuwa kila kiungo chake chataka kulala. Hakuna wimbo uliowahi kuliambia likembe lisilie. Mwenye pingamizi huweza kusema kwamba ni sehemu moja ya ubongo inayozuia nyingine. Na iwe hivyo kwa upande wa mwili. Bado lazima aeleze sababu ya kufunga: ahadi, haki, upendo wa Mungu. Hayo si vitu vinavyosukuma kama upepo unavyosukuma majani. Mtu huyafahamu kwanza, ndipo huyatii.

Pingamizi la tatu lilitolewa gerezani mle mle na Cebes. Alisema: Roho huenda ikawa na nguvu kuliko mwili, kama mfumaji alivyo na nguvu kuliko nguo zake. Mfumaji huvaa nguo nyingi, akazichakaza zote. Lakini ile ya mwisho hubaki baada yake. Basi roho huweza kudumu muda mrefu, kisha ikachoka ikafa. Msusi wa mikeka angelielewa neno hilo upesi. Jibu lake lilikwisha kutolewa juu: kuchoka na kuchakaa ni mambo ya vitu vyenye sehemu. Mfumaji hufa kwa sababu naye ana mwili. Roho siyo mfumaji mwingine mdogo aliyejificha ndani ya mtu, mwenye mikono na mgongo wa kuuma.

Hoja ya haki

Hoja zilizotangulia zafaa kwa yeye apendaye kufikiri polepole. Iko hoja nyingine ambayo humjia kila mtu aliyewahi kuonewa, nayo nchi ya Maniema inaijua kuliko nchi nyingi.

Tarehe 15 Julai 1871, siku ya soko, huko Nyangwe kando ya Lualaba, kusini ya Kindu, watu wa wafanyabiashara wa pembe na watumwa waliwapiga risasi watu waliojaa sokoni. Wengi walikuwa wanawake waliokuja kuuza na kununua. Walikimbilia mitumbwi, wakasongamana, wakajitupa mtoni, na mto ukawachukua. Mwingereza David Livingstone alikuwapo, akaona kwa macho yake, akaandika. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Habari hiyo ilifika Ulaya, ikasaidia kuwasukuma Waingereza kumlazimisha Sultani wa Unguja afunge soko la watumwa mwaka 1873. Hilo lilikuwa jambo jema. Lakini wale wanawake wa Nyangwe walipata nini? Walikuwa wamekwisha kufa. Hata mwamuzi mwenye haki kuliko wote asingeweza kuwaita na kuwarudishia siku zao.

Miaka tisini baadaye, mwezi wa Novemba 1961, wanahewa 13 wa Italia walifika Kindu na ndege mbili katika kazi ya Umoja wa Mataifa, wakiwaletea mahitaji askari wa Malaya waliokuwa wakilinda hapa. Walikamatwa na askari walioasi, wakauawa. Mwaka 1962 miili yao ilirudishwa kwao, na huko Pisa majina yao yameandikwa mahali pa kumbukumbu.

Hapo lazima kutazama neno moja ambalo wengi hulipita. Watu wengine husema: Mtu haishi tena baada ya kufa, ila huishi katika kumbukumbu ya watu, na hiyo yatosha. Ikiwa ndivyo, wale Waitalia 13 wangali hai kidogo, kwa sababu jiwe la Pisa lataja majina yao. Lakini wanawake wa Nyangwe hawana jiwe, wala hakuna aliyeandika majina yao. Wajukuu wao hawajui waitaje. Basi hao wamekufa mara mbili, na wauaji wao wamewashinda kabisa? Moyo wa mtu hukataa. Tena akili hukataa pamoja na moyo. Maana kukumbukwa ni jambo lililomo katika mtu anayekumbuka, si katika yeye anayekumbukwa. Mtu akiwa hayupo, kumtaja hakumfanyi awepo. Akiwa yupo, kusahauliwa hakumwondoi. Kumbukumbu si roho. Hata sala za wafu na desturi za mababa zingekuwa mchezo wa watoto kama zingefanywa kwa ajili ya majina matupu.

Basi hoja ni hii. Mungu ni wa haki. Haki haikukamilika katika maisha haya: mwovu hufa mzee kitandani mwake, na mnyonge hutupwa mtoni. Mungu mwenye haki hawezi kuliacha jambo hilo hivyo milele. Kwa hiyo lazima awepo bado yule aliyeonewa, apate kufarijiwa, na yule aliyeonea, apate kujibu.

Atakuwapo mtu atakayesema: Kutamani haki si kuipata; mwenye njaa hutamani chakula, na wengine hufa na njaa. Asemalo ni kweli. Hoja hii haina nguvu kwake yeye asiyekubali kwamba yuko Mungu mwenye haki, na mwalimu wa dini asimfiche jambo hilo. Lakini kwake yeye anayekubali, hoja yashika sana. Tena hata njaa ina ushuhuda wake: isingalikuwapo njaa duniani kama chakula kisingalikuwapo kamwe.

Mipaka ya akili, na neno la imani

Akili imefika mbali, lakini hapa husimama kama msafiri aliyefika ukingoni pasipo mtumbwi. Huweza kusema kwamba roho haiozi. Haiwezi kusema roho yaishije, wala kama ina furaha. Roho iliyobaki peke yake milele ingekuwa nini? Wayunani wengi walidhani kwamba roho hukaa mwilini kama mfungwa gerezani, na kifo humfungulia mlango. Kanisa halikufuata wazo hilo. Mtaguso wa Vienne, mwaka 1312, ulifundisha kwamba roho yenye akili ndiyo yenyewe inayoupa mwili wa mtu uzima na ubinadamu wake. Mtakatifu Tomaso alithubutu kusema kwamba roho yake pekee si yeye mzima. Mtu ni roho na mwili pamoja. Ndiyo sababu watu hulia makaburini, nao hawakosi. Kifo si mlango mzuri tu. Ni adui, kwa kuwa hutenga vitu viwili ambavyo Mungu aliviunganisha.

Kwa hiyo Kanisa hufundisha mambo mawili. La kwanza, kwamba roho ya kila mtu haifi. Mtaguso wa tano wa Laterani, mwaka 1513, uliwakataa wale waliosema kwamba roho ya mtu hufa, au kwamba watu wote wana roho moja tu. La pili, ambalo ndilo kubwa zaidi, ni ufufuko wa mwili. Bwana wetu Yezu Kristu alilia kwenye kaburi la Lazaro kabla ya kumfufua. Alipofufuka mwenyewe, hakuwatokea wanafunzi kama kivuli. Alikuwa na majeraha yake, akala samaki mbele yao. Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorinto, alifananisha mwili na mbegu inayotiwa udongoni ikaota kwa utukufu mwingine. Hilo akili peke yake isingeligundua. Imani hulipokea kutoka kwa Kristu.

Na baba aliyekufa kabla ya kusikia Injili? Hili ndilo swali ambalo wakatekumeni wengi huogopa kuliuliza. Mtu mzima aliye karibu kubatizwa huwaza moyoni: Nikiingia mlango huu, nitatengwa na mzee wangu milele? Wengine wamerudi nyuma kwa sababu hiyo tu, nao hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wana waliompenda baba. Na wapewe jibu wazi. Mtaguso Mkuu wa pili wa Vatikano ulifundisha mwaka 1964 kwamba wale wasioijua Injili pasipo kosa lao, wakamtafuta Mungu kwa moyo mnyofu na kujitahidi kwa neema yake kutenda mapenzi yake kama dhamiri ilivyowaonyesha, wanaweza kupata wokovu wa milele. Hukumu ni ya Mungu, wala hakuna mtu anayeruhusiwa kumtia baba wa mwenzake motoni. Mbatizwa hamwachi mzee wake nje ya mlango. Anapata njia mpya ya kumsaidia, yaani sala na sadaka ya Misa.

Mwenendo wa mtu anayesadiki

Fundisho lisilogeuza mwenendo ni kama mbegu iliyobaki ghalani. Mtu anayesadiki kwamba roho haifi, na kwamba imo mikononi mwa Mungu, atajulikana kwa mambo haya.

Hatawaogopa wafu kama adui. Huwaheshimu, husafisha makaburi yao, huwaombea hasa tarehe 2 Novemba. Lakini hawanunui kwa kuku na pombe wasimdhuru.

Hatamtafuta mchawi nyuma ya kila jeneza. Mtoto akifa kwa malaria, mama mkongwe wa jirani hakumwua, na anayemfukuza kijijini au kumpiga amemtendea vibaya mtu mwenye roho isiyokufa, ambaye atasimama naye mbele ya Hakimu mmoja.

Hatakula mali ya wajane na yatima. Watu wengine husema kwa midomo kwamba marehemu anaona, na jioni ile ile huchukua vyungu, mbuzi na bati la nyumba yake, wakawaacha watoto wake chini ya mvua. Ikiwa marehemu hayupo, wamemwibia mjane. Ikiwa yupo, wamemwibia mjane mbele ya macho ya mumewe na ya Mungu.

Atalipa deni lake na kutubu kosa lake mapema. Mto huchukua maji, mchwa hula karatasi, mashahidi hufa. Lakini aliyetenda yupo, na tendo lake yu nalo. Asiyesadiki huweza kungoja mambo yasahauliwe. Anayesadiki hana la kungoja.

Maswali ya kuzungumza pamoja na katekista

1. Kwa nini kazi ya akili haiwezi kuwa kazi ya kiungo cha mwili? Toeni mfano wenu wenyewe.

2. Kijana asemaye kwamba ugonjwa wa kichwa huharibu akili, basi roho hufa, ajibiweje kwa upole?

3. Kukumbukwa na watu na kuwapo kwa roho ni jambo moja au mawili? Elezeni kwa habari ya Nyangwe.

4. Ni jambo gani ambalo akili peke yake haiwezi kulijua juu ya wafu, na Kristu alitufunulia?

5. Mjane yupi wa kijiji chenu anahitaji msaada juma hili?